Kwa mwanangu: Habari za Kenneth Morris

Mwanangu Rehema,

Ama baada ya salamu, swali lako, kama mtu aliye ugenini anaweza kuziandika ngano za kwao bila kuzipotosha, limenikumbusha Kenneth Morris, mshairi na mtunzi wa hadithi za kifantasia ambaye ni wachache wanaomjua. Alizaliwa Wales mwaka 1879, na mwaka 1908 akahamia Point Loma, California, kwenye makao ya wanatheosofia, wafuasi wa chama kinachotafuta hekima ya pamoja katika dini zote, yaliyoongozwa na Katherine Tingley, ambako alifundisha kwa miaka zaidi ya 20. Mashairi na hadithi fupi zake alizitoa katika majarida ya chama hicho, nyingi kwa majina ya bandia, na nadhani ndivyo alivyojinyima umaarufu.

Huko pwani ya Pasifiki fikra zake hazikubanduka kwenye Mabinogi, ngano za kale za Wales. Katika The Fates of the Princes of Dyfed, kitabu cha 1914 alichokitia jina lake la Kiwelsh, Cenydd Morus, alizisimulia upya habari za Pwyll, mtawala wa Dyfed huko Wales, na Rhiannon, yule bibi ambaye farasi wake huenda mwendo wa taratibu na bado anayemkimbiza hamfikii, mpaka Pwyll anapomwomba asimame. Miungu ambayo waandishi wa Zama za Kati walikuwa wameifanya wafalme na mabibi wa kawaida, Morris aliirudishia uungu wake, na masaibu ya wahusika akayageuza kuwa majaribio ya roho. Mwenye kupenda mapokeo yasiguswe atamlaumu. Mimi simlaumu, kwa sababu alizijua ngano hizo vizuri kabla ya kuzigeuza.

Mwaka 1930 alichapisha Book of the Three Dragons, akarejea Wales, akafariki 1937. Riwaya yake kuhusu Meksiko ya kabla ya Wahispania ilitoka 1992. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kifantasia, ndiye aliyemtetea, katika insha ya 1973, akimweka pamoja na Tolkien na Eddison, Waingereza mashuhuri wa utanzu huo, kwa ubora wa mtindo.

Sikufichi kwamba sentensi zake zina mapambo mengi, na msomaji mwenye haraka atachoka. Kwa hiyo ulizia kwanza The Secret Mountain, mkusanyiko wa 1926, uanze na hadithi ya Kichina iitwayo "Red-Peach-Blossom Inlet", kisha uniandikie ulivyoiona.

Ni mimi baba yako.