Risala ya Kikundi cha Wahakiki wa Muziki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti, walezi wetu, wanakikundi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Risala nyingi huanza na mafanikio. Yetu inaanza na malalamiko, na walalamikiwa wengine wamo humu ukumbini. Uhakiki wa muziki unaoandikwa na watu wa ridhaa, wasiolipwa chochote, unazidi kushuka kiwango.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1966, huko Marekani, Paul Williams alianzisha Crawdaddy, jarida la uhakiki wa muziki, akiwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 17. Mhakiki Lester Bangs naye aliingia jarida la muziki la Rolling Stone mwaka 1969 kwa kutuma uhakiki wake akiwa msomaji wa kawaida. Aliiponda albamu ya kundi la MC5, na hakuna aliyekuwa amemtuma.

Leo mbio ni za kuwahi. Tangu Julai 2015, albamu mpya kwa kawaida hutoka Ijumaa duniani kote. Albamu ya dakika 60 ikitoka saa sita usiku, saa sita na nusu utakuta imeshapewa tisa kwa kumi. Wengine hunakili tangazo la kampuni ya msanii neno kwa neno, makosa ya tahajia yakiwemo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chukua sentensi hii tunayokutana nayo kila kukicha: "Mdundo mkali, mashairi mazito, msanii ametisha." Itoe kwenye wimbo wa harusi, ibandike kwenye wimbo wa maombolezo, hakuna atakayeshtuka. Haisemi gitaa la besi linaingia wapi, wala kama sauti ya mwimbaji imewekwa mbele au imezamishwa chini ya kinanda, wala kwa nini kiitikio kinachosha kinaporudi mara ya nne. Tunachojua ni kwamba mwandishi amefurahi. Wimbo wenyewe hatujausikia.

Kusema kweli, woga nao umo. Ukimpa msanii sita kwa kumi, mashabiki wake watakuita mwenye wivu na kukutukania hadi wazazi. Wengi wameona heri wasifie tu. Na pa kujifunzia panapungua: Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki iliyoanzishwa na kijana Ryan Schreiber mwaka 1996, iliwekwa chini ya jarida la wanaume la GQ Januari 2024 na baadhi ya wafanyakazi wake wakaachishwa kazi.

Kikundi kimekubaliana kwamba mtu asiandike kabla ya kusikiliza albamu nzima mara tatu (tatu ni chache, lakini tuanzie hapo). Tunakuomba utusaidie kupata spika nzuri, maana spika ya simu huimeza besi yote. Zaidi ya hapo, tutafutie mhariri mkali wa kutulea, asiyeona haya kumrudishia mtu andiko lake mara mbili. Uhakiki wetu utachelewa wiki nzima baada ya wengine. Hilo tunaomba utuvumilie.

Tunaomba kuwasilisha.