Barua kwa mwanangu anayekwenda kusomea usimamizi wa maarifa

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Shangazi zako wananiuliza ukimaliza masomo utakuwa nani: mkutubi, mwalimu au mtu wa kompyuta? Nawajibu kwamba utakuwa mtu wa kuhakikisha ofisi haibaki gizani kila mzee anapostaafu. Nakuunga mkono kwa moyo wote.

Nimefanya kazi masjala, najua thamani ya jalada. Najua pia mpaka wake. Mafundi bomba wa zamani walijua valvu ipi ifungwe kwanza masika yakichafua chanzo cha maji, na bomba gani limepita chini ya uwanja wa nani. Kwenye ramani hayakuwemo. Mmoja wao akistaafu, waliobaki huchimba barabara nzima wakitafuta bomba.

Wasome kwa makini mafundi wa Xerox kule Marekani. Kampuni iliwapa vitabu vya maelekezo ya kutengeneza mashine za fotokopi, hatua kwa hatua. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr akafuatana nao kazini. Akakuta kuwa mashine ikigoma kwa namna ambayo kitabu hakikuitaja, fundi humtafuta mwenzake, wakasimuliana mashine sumbufu walizowahi kukutana nazo mpaka jibu lipatikane. Kumbe maongezi ya wakati wa chakula, ambayo bosi angeyaita uvivu, ndiyo yalikuwa darasa lenyewe! Miaka ya 1990 ikaanzishwa Eureka, hazina ya vidokezo vya mafundi hao. Fundi aliandika alichogundua, wenzake wakakipima, na kikikubalika kiliingizwa pamoja na jina lake. Hilo la jina nakuomba ulitafakari sana. Mtu hutoa anachokijua akiwa na hakika kwamba hakitaporwa.

Watakufundisha programu nyingi, na ISO 30401, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa maarifa kilichotolewa mwaka 2018. Jifunze vyote. Lakini nimeona ofisi ikinunua mfumo wa gharama kubwa, nao ukabaki mtupu kwa sababu hakuna aliyekaa na wafanyakazi. Wewe anza kwa kuuliza: jambo likikwama hapa, huwa anaitwa nani? Mara nyingi utaambiwa ni dereva, au karani ambaye hata vikaoni haalikwi. Mwendee kwa adabu. Mwombe akuonyeshe, usiridhike na kuambiwa, maana yapo mambo ambayo mkono unayajua na mdomo hauwezi kuyaeleza.

Likizo ya Desemba njoo na daftari. Baba yako mkubwa ndiye mtunzaji wa banio, yaani lango la maji, la mfereji wetu, na vijana wa kamati ya maji wameomba kazi yake iandikwe angali na nguvu. Amekubali, ila anataka muanze alfajiri, kabla maji hayajafunguliwa.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako