Malalamiko kuhusu diski mbili za nje zilizounganishwa kinyume na agizo langu

Lanet,
Nakuru.
6 Oktoba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Kompyuta na Vifaa vya Elektroniki,
Nakuru.

Kwa Meneja,

MINT: KUPOTEA KWA REKODI ZA TELEVISHENI KUTOKANA NA KAZI YA FUNDI WENU

Mnamo Jumatatu, tarehe 7 Aprili 2025, nilinunua dukani kwenu kisanduku cha nje chenye nafasi ya diski mbili, pamoja na diski mbili za terabaiti 4 kila moja, kwa jumla ya shilingi 61,500, ambazo shilingi 3,500 kati yake zilikuwa malipo ya fundi wa kuviunganisha. Niliyemweleza haja yangu kaunta aliiandika kwa kalamu chini ya risiti: "Diski zifanane, rekodi za TV." Nakala ya risiti hiyo nimeiambatisha, na maneno hayo yanasomeka bila taabu.

Nilieleza haja hiyo kwa kirefu, kwa sababu nilikuwa nimeifikiria kwa kirefu. Tangu mwaka wa 2021, mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, nimekuwa nikirekodi matangazo yake kila mwaka, pamoja na mbio za nyika na shughuli za kitaifa zilizofanyika huku kwetu, ikiwemo siku Nakuru ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji, tarehe 1 Desemba 2021. Ving'amuzi vingi hufunga rekodi kwa namna ambayo hazichezi kwenye kifaa kingine, hivyo mimi hutumia kipokezi kidogo cha matangazo ya dijitali kinachochomekwa kwenye kompyuta, nikapata faili ambazo naweza kuzihamisha nipendavyo. Kufikia Aprili mwaka huu nilikuwa na takriban terabaiti 2.6 za rekodi, zilizotapakaa kwenye diski sita ndogo, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeanza kuchelewa kuitika. Nilitaka mahali pamoja ambapo kila faili ingeandikwa kwenye diski ya kwanza na papo hapo kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Huo ndio mfumo ambao mafundi wenu huuita RAID 1.

Fundi wenu alifika nyumbani kwangu siku iliyofuata, akafanya kazi kwa dakika zisizozidi ishirini. Alipomaliza, nilimwinamia begani nikatazama kioo cha kompyuta, nikaona nafasi iliyoandikwa ni terabaiti 7.27. Nilimuuliza mbona si 8. Alinijibu kwa upole, "Hiyo ni sawa, Mwalimu, kompyuta huhesabu hivyo." Jibu lake lilikuwa la kweli, kwa maana kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024, lakini lilijibu swali lisilo lenyewe, na mimi nikaridhika nalo. Swali nililopaswa kuuliza ni mbona si 3.63. Diski mbili za terabaiti 4 zinazobeba nakala moja ile ile haziwezi kutoa nafasi zaidi ya diski moja. Idadi ile ya 7.27 ilikuwa ushahidi, mbele ya macho yetu sote wawili, kwamba diski zangu zilikuwa zimejumlishwa badala ya kufananishwa.

Naomba mnivumilie nieleze tofauti hiyo, maana aliyepokea simu yangu mwezi uliopita alisisitiza kwamba "zote mbili ni RAID tu". Katika mfumo aliouacha fundi wenu, yaani RAID 0, kila faili hukatwa vipande vidogo, kipande kimoja kikaenda diski ya kwanza na kinachofuata kikaenda ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kasi huongezeka na nafasi huongezeka, lakini hakuna diski yenye faili nzima, na moja ikifa, vilivyobaki kwenye nyingine ni vipande visivyounda hata dakika moja ya picha. Kwa mtu anayetafuta usalama wa rekodi zake, mpango huo ni hatari kuliko kutumia diski moja peke yake, kwa kuwa sasa kuna diski mbili zinazoweza kufa na kifo cha yoyote kati yake kinatosha kuangamiza zote. Kinachotenganisha mifumo hiyo miwili ni swichi ndogo nyuma ya kisanduku, inayosogezwa kwa ncha ya kalamu. Nimeitazama kwa tochi na kuipiga picha: imeelekezwa kwenye 0.

Ijumaa, tarehe 19 Septemba, diski ya pili ilianza kugonga, ka-ka-ka, kama kuku anayedonoa mabati, na kabla ya saa sita mchana folda zote zilikuwa zimetoweka. Fundi wenu alirudi Jumatatu, akathibitisha mwenyewe kwamba diski ya kwanza ni nzima kabisa. Kisha akapendekeza asogeze ile swichi hadi kwenye 1, aweke diski mpya, "tuanze upya". Nilimzuia mkono. Kubadilisha mfumo kwenye kisanduku hiki hufuta kilichomo, na nusu iliyobaki, ambayo mtaalamu wa kuokoa data angeihitaji pamoja na ile iliyokufa, ingekwenda na maji.

Katika barua pepe yenu ya tarehe 26 Septemba mlisema kwamba huenda tatizo lilisababishwa na kukatika kwa umeme, kwamba dhamana inahusu diski pekee na si data, na kwamba mko tayari kunipa diski moja mpya. Kuhusu umeme, ni kweli hukatika Lanet, na ndiyo sababu kisanduku hicho kilichomekwa kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, tangu siku ya kwanza. Hata hivyo sioni haja ya kubishania chanzo cha kifo cha diski. Diski hufa, nami nililipa shilingi 3,500 za ufundi kwa kujua hivyo. Kama kazi ingefanywa kama ilivyoagizwa, diski hiyo mpya mnayonipa ingemaliza jambo lote, na leo ningekuwa nikiwaandikia kuwashukuru.

Nakiri upande wangu pia. Niliziamini diski mbili zilizo ndani ya kisanduku kimoja, na baada ya kuhamisha kila kitu nikazifuta zile sita ndogo, nikazitoa kwa shule jirani. Hata diski zinazofanana si mbadala wa nakala iliyowekwa mbali, kwa sababu ukifuta faili kwa bahati mbaya inafutika kote kuwili kwa mara moja. Hilo nalijua sasa. Lakini nilizifuta zile ndogo baada ya kumuuliza fundi wenu, mbele ya mke wangu, kama naweza kufanya hivyo, naye akasema, "Bila wasiwasi."

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo, na ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kwa msingi huo naomba kwanza mgharamie kazi ya kuokoa data kutoka kwenye diski zote mbili, kwa mtaalamu tutakayekubaliana naye kwa maandishi, kabla ya jambo jingine lolote. Rekodi ya Safari Rally ya mwaka 2021, dereva Neuville alipovunjikiwa gari kule Loldia siku ya mwisho akiwa anaongoza, sina mahali pengine pa kuipata. Naomba pia mnirejeshee zile shilingi 3,500, na diski mpya mliyoahidi iwekwe kwa mfumo niliouagiza, huku fundi akinionyesha 3.63 kwenye kioo kabla hajaondoka.

Natarajia jibu lenu la maandishi kufikia tarehe 20 Oktoba 2025. Nisipolipata, nitawasilisha malalamiko haya, pamoja na risiti na picha ya swichi, kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo pia hushughulikia malalamiko ya watumiaji.

Diski hizo nimezitoa kwenye kisanduku, nikaziandika 1 na 2 kwa kufuata nafasi zilimokuwa, na ziko kabatini kwangu. Tafadhali msimtume mtu kuzichukua bila kunipigia simu kwanza.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu, Lanet

Viambatisho: nakala ya risiti, picha ya swichi, nakala ya barua pepe yenu.