Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Shilingi ya kidijitali ianzie Kusini

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kwa heshima zote kutoka Newala, mkoani Mtwara, ninakolima korosho.

Juzi usiku mke wangu aliugua ghafla. Hela ya mnada ilishaingia benki, ujumbe ninao kwenye simu. Wakala wa kwanza hana noti za kunipa, wa pili mtandao unazunguka tu. Bodaboda anataka noti mkononi. Nikauza gunia nililobakiza kwa bei ya kangomba, ile ya kutupa ya walanguzi, na hela yangu ipo benki! Mke wangu anaendelea vizuri, lakini uvumilivu wangu uliishia pale.

Mheshimiwa, Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa sarafu za mtandaoni. Novemba mwaka huohuo, aliyekuwa Gavana, Profesa Florens Luoga, akatangaza kwamba maandalizi ya sarafu yetu wenyewe ya kidijitali, yaani shilingi ya kielektroniki itakayotolewa na Benki Kuu yenyewe, yanaendelea. Januari 2023 mkasema mnakwenda kwa awamu na kwa tahadhari. Sawa, Nigeria walizindua eNaira, sarafu yao ya kidijitali, Oktoba 2021 na wananchi wengi hawakuishika. Lakini tahadhari hii ina mwisho lini?

Msituambie pesa za simu zinatosha. Kutuma makato, kutoa makato, mnara ukizima na hela imelala. Nadhani tozo ya miamala ya Julai 2021 ndiyo iliyowarudisha wengi huku kwenye noti, na imani haijarudi mpaka leo. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu. Watu wa Kusini tunajua maana ya kukatiwa vyote viwili.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Shilingi ya kidijitali ifanye kazi bila intaneti, simu kwa simu, hata kwa kitochi. Mkiijaribu, ijaribiwe huku wakati wa minada, kwa mkulima, mpiga dawa na mwenye bodaboda, siyo Dar es Salaam penye mtandao wa uhakika. Ikishindikana huku, mtajua mapema.

Na kama haiji, semeni haiji, tujipange. Kama inakuja, Mheshimiwa, tupeni tarehe. Tarehe tu, kabla mnada wa kwanza wa msimu ujao haujafunguliwa.

Wako mtiifu,
Mkulima wa korosho, Newala