Ramani ya mgodi wako wa bati

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba nawe umeanza kuchunguza migodi ya kale ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Umeuliza uanzie wapi kuitafuta ramani ya mgodi wako wa bati.

Kwanza jua mgodi ulifungwa lini. Sheria ya Uingereza ya 1872 ilimtaka mwenye mgodi wa metali apeleke ramani serikalini anapouacha, ingawa migodi midogo ilisamehewa. Kama wako ulifungwa kabla ya hapo, hakuna aliyelazimika kuwasilisha chochote.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, nami nakusihi usikate. Mtafute mwenye ardhi! Kampuni nyingi zilifilisika na makaratasi yake yakatawanyika, lakini mwenye ardhi alilipwa mrabaha kwa madini yaliyotolewa, hivyo alitaka kujua wamechimba hadi wapi. Nyaraka nyingi za koo za wenye ardhi hao ziko Kresen Kernow, hifadhi ya nyaraka ya Cornwall, mjini Redruth. Tafuta kwa jina la parokia pia, maana mgodi uliweza kubadilishwa jina kila ulipofufuliwa.

Ukiipata ramani, tazama tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Wapimaji walitumia dira, na kaskazini waliyoichora mara nyingi ni ya sumaku. Mwanzoni mwa karne ya 19 sindano ya dira huko Uingereza ilielekea takriban digrii 24 magharibi ya kaskazini ya kweli. Leo tofauti ni ndogo sana. Usiporekebisha, ncha ya handaki la mita 500 utaiweka zaidi ya mita 200 kutoka mahali pake. Nyumba inaweza kujengwa juu ya shimo kwa kosa hilo. Kina nacho kimeandikwa kwa pima, futi 6 kila moja, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia handaki la kutolea maji, si juu ya ardhi.

Tena, ramani huonyesha yaliyopimwa tu. Machimbo ya waliotangulia huenda hayamo, na maji hupita humo vilevile. Kumbuka Wheal Jane, mgodi wa bati wa huko huko Cornwall: ulifungwa 1991, pampu zikazimwa, na Januari 1992 maji yenye tindikali na metali yakafumuka kupitia handaki la Nangiles, yakautia mto Carnon rangi ya chungwa hadi kwenye hori la Fal.

Ukiona mchoro wa ubavu, yaani unaoonyesha mshipa wa madini kutoka juu hadi chini kana kwamba unautazama kwa pembeni, omba nakala yake pia. Nitumie zote mbili, tuzisome pamoja.

Wako daima.