Mtoto asiishie kuchomeka moduli tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi seti za elektroniki za kuchomeka ambazo wazazi na walimu wengi siku hizi wanawanunulia watoto, zile zenye bodi moja ndogo kama Arduino au micro:bit alafu na vimoduli kibao, yaani vipande vilivyoshatengenezwa tayari, cha taa, cha swichi, cha kupima joto, cha kupima umbali, unachomeka waya unaandika programu fupi kitu kinafanya kazi. Mi nazipenda sana. Arduino ilianza 2005 kule Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao sio mafundi wa umeme, yaani tangu mwanzo shabaha ilikuwa asiyejua kitu aweze kuanza leo leo.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaishia hapo hapo kwenye kuchomeka.

Juzi nilikaa na mpwa wangu, ana seti ya Grove, ile ya waya nne, nyekundu ya umeme, nyeusi ya hasi, njano na nyeupe za kupitisha taarifa. Kachomeka moduli ya swichi na ya taa, akibonyeza inawaka akiachia inazima, raha tupu. Nikamwambia haya toa hiyo moduli, weka swichi tupu, kile kidude cha miguu minne, funga mguu mmoja kwenye pini ya bodi, yaani lile tundu la kuchomekea waya, na wa kona ya pili kwenye volti 5. Akabonyeza, taa ikawaka. Akaachia, taa ikaanza kuwaka na kuzima yenyewe ovyo ovyo, akisogeza mkono karibu na waya inabadilika na wala hajagusa kitu! Akajua kashaunguza bodi. Nikamuuliza, we ukiachia swichi, ile pini imeunganishwa na nini? Akaangalia weee, akasema haijaunganishwa na kitu. Sasa ndo hapo, pini inaning'inia hewani inaokota umeme wowote ulio jirani, kwahiyo inasoma chochote. Tukachukua rezista, kile kidude cha kubana umeme upite kidogo, ya ohm 10,000 tukaifunga kutoka kwenye pini kwenda hasi, ikatulia tuli, maana sasa ukiachia swichi pini imeunganishwa na hasi. Alafu mwenyewe bila kuambiwa akaichukua ile moduli aliyoitoa akaikagua kwa karibu, akakiona kirezista kidogo kama chembe ya mchanga, akasema kumbe kilikuwemo humu muda wote.

Dakika ile ilimfundisha kuliko mwezi mzima wa kuchomeka.

Na taa ni hivo hivo. LED nyekundu, vile vitaa vidogo, inachukua kama volti 2, umeme wa bodi ni volti 5, zinabaki 3, ukiweka rezista ya ohm 220 unagawanya 3 kwa 220, inapita kama miliampea 14, na pini ya Arduino Uno toleo la R3 inashauriwa isizidi 20. Hesabu ya kugawanya tu hii, mtoto anaiweza, lakini kwenye moduli hataiona maana imeshafanywa na mwingine.

Kwa anayeanza, msinunue lile boksi la sensa 37, nusu hazitaguswa. Bodi moja, swichi, LED chache, rezista, sensa moja na bredibodi, lile bao la matundu la kuchomekea vifaa bila kulehemu, inatosha kabisa. Angalieni pia volti, ESP32, ambayo ni bodi nyingine, pini zake ni za volti 3.3, mkiipelekea 5 mnaweza kuiua. Na kompyuta ikigoma kuiona bodi badilisheni kwanza kebo ya USB, zipo za kuchaji tu hazipitishi data, mi nilipoteza jioni mbili kwa ajili ya hilo.

Ombi langu Mhariri, gazeti litenge kona ndogo kila wiki, sakiti moja tu, kwanza ichorwe na moduli alafu ichorwe bila moduli, wasomaji waijaribu nyumbani na shuleni wataandika walichokiona. Mkikubali niko tayari kuandika ya kwanza, nitaanza na hiyo ya swichi.

Msomaji wenu