Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasindikaji wa Viungo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: Nane Nane tulishiriki, mashine ya kusagia imetengenezwa, mafunzo ya ufungashaji yamefanyika. Sitazirudia.

Naingia moja kwa moja kwenye jambo linalonong'onwa pembeni na kwenye grupu la WhatsApp, yaani shilingi milioni 4.3 za kuombea usajili wa alama yetu ya biashara (jina na nembo) Kenya na Zanzibar.

Wapo wanaosema tulishasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, cheti kiko ukutani, ya nini tena? Cheti hicho kinalinda Tanzania Bara tu. Ukishuka bandari ya Unguja, kazi hiyo ya usajili ni ya BPRA, wakala wa Zanzibar, na sheria yake ni nyingine. Ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya, ni ya KIPI, taasisi yao ya alama na hataza. Kenya na Rwanda wamo kwenye Itifaki ya Madrid, mpango wa kimataifa wa kusajili alama, mtu wao anajaza ombi moja na kuchagua nchi anazozitaka. Sisi bado, hivyo Kenya kuna fomu yake, wakala wake na ada zake, na Zanzibar vivyo hivyo. Utaratibu huo sikuutunga mimi.

Wapo pia wanaosema mwenyekiti alitoa fedha bila mkutano mkuu. Mkutano upi? Ombi letu liliingia BRELA mwezi Februari. Kwa Mkataba wa Paris, mkataba wa kimataifa unaolinda alama za biashara, una miezi 6 kuanzia siku hiyo kuomba nchi nyingine mwanachama, na ombi la huko linahesabiwa kana kwamba liliingia tarehe ileile ya kwanza. Ikipita, tarehe hiyo umeipoteza. Niliitisha mkutano Juni, akidi haikutimia. Julai walikuja watu 11, na wawili walitaka kwanza kujua kama kuna chakula. Kamati ya utendaji ikakaa, tukasaini.

Na tazameni kilichotokea. Upekuzi wa wakala wetu Nairobi kwenye daftari la alama ulionyesha kwamba mfanyabiashara mmoja wa Mombasa aliomba mwezi Mei jina linalokaribiana mno na letu, tena katika daraja lilelile la bidhaa, la 30, la chai, kahawa na viungo. Tungesubiri akidi, leo tungekuwa nyuma yake. Kwa tarehe yetu ya Februari, tuko mbele. Ombi letu bado liko kwa Msajili wa Kenya, na likikubaliwa litatangazwa na kusubiri pingamizi kwa siku 60. Nani aliyeing'ang'ania tarehe hiyo, katibu anajua. Posho ya safari ya Nairobi niliyochukua ni ya kiwango cha chama, risiti zipo kwa mhazini, mwenye shaka akaangalie.

Kuhusu ada ya uanachama: wanachama 64, waliolipa 23. Waliopiga kelele zaidi juu ya milioni 4.3, wengi wao hawamo kati ya hao 23.

Jambo moja tusilisahau. Kenya alama isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kuombewa kufutwa, kwa hiyo iliki na mdalasini vyenye nembo yetu lazima viuzwe huko, visibaki ghalani Muheza. Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikilipwa, tutaangalia Uganda, na Oman pia kama hali itaruhusu.

Naomba taarifa hii ipokelewe. Ada zilipwe kwa mhazini kabla ya chakula.

Mwenyekiti